Sensa ni nini kwa anayemtafuta babu wa babu yake

Mtu akitangaza mtandaoni kwamba anatafuta asili ya ukoo wake, jibu la kwanza huwa ni lile lile: "Kaangalie kwenye sensa." Anayejibu ana nia njema. Amewaona Wamarekani na Waingereza wakiandika jina kwenye tovuti na kumpata babu wa mwaka 1880 pamoja na mkewe na watoto wake. Lakini neno hilo moja limebeba vitu viwili tofauti, na mtu wa Tabora au Lamu anayeufuata ushauri huo anaweza kumaliza miezi akitafuta jina mahali ambapo majina hayakuwekwa.

Sensa ni hesabu ya watu wote waliomo nchini kwa wakati mmoja uliopangwa. Serikali inataka kujua watu ni wangapi, wana umri gani na wanaishi wapi. Basi. Mwaka 2022 makarani wa Tanzania waliuliza habari za waliolala kwenye kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Aliyelala kwa shangazi yake alihesabiwa kwa shangazi. Uingereza nayo ilihesabu hivyo katika sensa zake za majina za karne ya 19, na ndiyo sababu mababu wengi wanaodaiwa "kupotea" hawakupotea. Usiku ule walikuwa hospitalini, gerezani, melini, au nyumbani kwa tajiri waliyemfanyia kazi.

Tofauti ninayotaka ieleweke ni hii: kuna sensa iliyohesabu vichwa, na kuna sensa iliyoandika majina yakahifadhiwa. Ya kwanza haimtambui mtu yeyote. Ya pili ndiyo inayomsaidia mtafuta ukoo, na hata nchi zinazosifiwa kwa kumbukumbu zilichelewa kuifikia.

Uingereza ilianza sensa mwaka 1801, lakini kwa miaka 40 serikali ilikusanya hesabu tu. Majina ya watu wote yalianza kuandikwa mwaka 1841, tena kwa kulegalega: umri wa aliyepita miaka 15 ulitakiwa kushushwa hadi kwenye tano ya chini yake, hivyo mtu wa miaka 39 akawa wa 35. Alikozaliwa hapakutajwa, kilichoulizwa ni kama alizaliwa katika jimbo lile au la. Mwaka 1851 ndipo ilipoandikwa parokia aliyozaliwa mtu na uhusiano wake na mkuu wa kaya. Anayesema "sensa ya 1841 inathibitisha kuwa yule ni mwanawe" anaidai karatasi jambo ambalo haikuulizwa.

Marekani ilianza mwaka 1790. Hadi 1840 ilimtaja mkuu wa kaya peke yake. Mke, watoto na wengine wote walikuwa tarakimu kwenye safu. Mwaka 1850 kila mtu huru akaandikwa jina lake. Kila mtu huru, nasisitiza. Watumwa waliwekwa kwenye karatasi zao mwaka 1850 na 1860, wakaorodheshwa chini ya jina la mmiliki kwa umri, jinsia na rangi, na karibu wote bila jina. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina wale milioni kadhaa waliokombolewa. Wamarekani weusi wanaotafuta asili yao wanauita mwaka huo ukuta, na wanaovuka upande wa pili huvuka kwa kutumia wosia, hati za mauzo na vitabu vya mashamba. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "sensa zipo tangu 1790" humsaidii. Unamuumiza.

Sasa turudi huku kwetu. Sensa ya mwaka 1948 ndiyo iliyohesabu Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa mpango mmoja. Kabla ya hapo, nchini Kenya Wazungu na Waasia walihesabiwa mara kadhaa, ilhali idadi ya Waafrika ilikadiriwa kutokana na kodi ya kibanda. Matokeo ya 1948 yaliyochapishwa ni majedwali ya wilaya na makabila. Hutamkuta babu humo, hata usome usiku kucha. Na sensa za baada ya uhuru zimefungwa na sheria za takwimu: taarifa za mtu mmoja mmoja hazitolewi, na ni sawa zisitolewe.

Majina yetu yaliandikwa kwingine. Kenya, chini ya sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba kipande chenye jina, alama za vidole na kumbukumbu za kazi alizofanya. Wamisionari wa Bagamoyo waliofika 1868, na wale wa Freretown kule Mombasa kuanzia 1875, waliandika vitabu vya ubatizo, na kati ya waliobatizwa walikuwamo waliokombolewa utumwani. Wajerumani walipotawala walitoa hati za uhuru kwa watumwa walioachiwa. Kuna mashauri ya kadhi, hati za wakfu, vitabu vya kodi. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo sensa, na kila moja inatafutwa kwa njia yake na mahali pake. Ndiyo maana nang'ang'ania tofauti hii: anayekwenda Nyaraka za Taifa na kuomba "sensa ya zamani" ataletewa majedwali, kisha atarudi nyumbani akiamini kwamba ukoo wake haukuandikwa kamwe.

Ipo njia moja nyembamba ambayo mtu wa pwani yetu anaweza kutokea kwenye sensa ya majina. Sensa ya Uingereza ya tarehe 3 Aprili 1881 iliandika pia mabaharia wa meli za kivita zilizokuwa ng'ambo. Meli ya HMS London ilitia nanga Zanzibar kuanzia 1874 hadi 1883 kama kituo cha kuwinda majahazi ya watumwa, na jeshi la majini la Uingereza liliajiri vijana wa pwani na kuwaita Seedies. Kwa hiyo mtu angeweza kuwa ndani ya sensa ya Uingereza bila kuikanyaga Uingereza. Lakini wengi wao waliandikwa kwa majina ya kubandikwa na mabaharia, Jack au Tom pamoja na jina la mahali au la kitu cha melini. Na hata palipoandikwa "Zanzibar" kama alikozaliwa, huenda ni alikoajiriwa tu, kwa kuwa wengi wao asili yao ilikuwa bara, na baadhi walikuwa wametolewa utumwani. Jina si lake, kijiji si chake. Kumtambua mtu kama huyo kunahitaji karatasi nyingine kabisa: kitabu cha mishahara cha meli, au masimulizi ya ukoo yanayokumbuka kwamba fulani "alifuata manowari."

Hapo ndipo watu wa mtandaoni wanapokuwa na thamani kubwa, na hapo ndipo neno linapotumiwa vibaya kwa mara ya pili. Ndugu wa mbali uliyeunganishwa naye kwa vinasaba anakuandikia, "Nimempata kwenye sensa." Ukimwuliza, unagundua ameona faharasa, yaani orodha iliyochapwa na mtu aliyejitahidi kusoma mwandiko wa kale. Wakati mwingine ameona mti wa ukoo uliopandishwa na mtu wa tatu. Mwombe picha ya ukurasa wenyewe. Ukiwa nao, soma pia majirani waliotajwa juu na chini, maana ndugu waliishi karibu. Na kumbuka kwamba ukurasa wa Uingereza wa kabla ya 1911 kwa kawaida ni nakala ya karani, kwani fomu zilizojazwa majumbani ziliharibiwa. Kwa Marekani, sensa ya 1940 iliweka alama ya X ndani ya duara baada ya jina la aliyetoa habari. Kwa miaka ya kabla ya hapo hujui kama aliyesema ni mama mwenye nyumba au jirani aliyekisia umri wa kila mtu.

Basi mtu akikuambia babu yake yumo kwenye sensa ya 1948, usimbishie. Mwulize kwa upole aliona karatasi ya namna gani na nani anayo. Kama ina jina la babu, la kijiji na la jumbe, pamoja na kiasi cha shilingi kilicholipwa, mweleze kwamba alichokishika ni kitabu cha kodi, na kwamba inafaa aulizie vitabu vya miaka ya kabla na ya baada ya huo.