Wingu la mnara wa kupozea maji si moshi

Mtu akiona wingu jeupe likifuka kutoka kwenye mnara mnene wa zege kando ya mtambo wa umeme, husema ni moshi. Hata michoro ya kulaani uchafuzi wa hewa hupenda kuuchora mnara huo, ilhali dohani yenyewe, nyembamba, imesimama pembeni. Ndani ya mnara hakuna kinachoungua. Wingu lile ni mvuke uliokutana na hewa baridi ukawa matone madogo.

Maji yanayoingia humo yametoka kupoza mitambo, tuseme yana nyuzi joto 40 za Selsiasi. Hunyunyizwa kwa juu, yakachuruzika juu ya matabaka ya plastiki yenye mikunjo, huku hewa ikipanda. Minara midogo huivuta kwa feni. Ile mirefu yenye kiuno, ambayo wa kwanza ulijengwa Uholanzi mwaka 1918, haihitaji feni: hewa yenye joto na unyevu ni nyepesi, hupanda yenyewe.

Wengi hudhani hewa hiyo ndiyo inayoyapuliza maji yakapoa. Inasaidia, lakini kazi kubwa ni ya uvukizi, ule ule unaokutetemesha ukitoka kuoga. Kilo moja ya maji ikivukia huondoka na takriban kilojuli 2,400, na sehemu kubwa ya joto hilo huchotwa kwenye maji yanayobaki. Kushusha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ni kilojuli 4.2 tu. Kwa hiyo katika tani 100, ikivukia tani moja, zilizobaki hupoa kwa karibu nyuzi 6.

Ndiyo maana maji huweza kutoka yakiwa baridi kuliko hewa yenyewe. Mpaka wa kupoa huko husomwa kwenye kipimajoto kilichovishwa kitambaa kibichi na kupepewa. Hewa ya nyuzi 35 yenye unyevu wa asilimia 40 hukipa nyuzi 24 hivi. Unyevu ukifika asilimia 80, karibu 32. Siku yenye unyevu kama huo, hata mnara bora hauwezi kushusha maji chini ya hapo.

Yanayovukia huacha chumvi nyuma, hivyo sehemu ya maji humwagwa na kujazwa mapya. Uvuguvugu wa maji hayo pia huwafaa bakteria wa Legionella, wanaoleta nimonia, ambao mtu huwavuta na matone hadi mapafuni. Mnara uliokaa bila kazi husafishwa na kutiwa dawa kabla feni haijawashwa.