Ruzuku si mkopo wa bure

Mwezi uliopita, chini ya mwembe wa mikutano huku kwetu karibu na Bweyale, Uganda, nilisikia tena yale maneno: "Watu wa mkopo wa bure wamefika." Aliyeyasema ni mzee wa heshima, mjumbe wa baraza la kijiji, na waliomsikia waliitikia kwa vichwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri siku hiyo. Wilaya ya Kiryandongo imechanganya Wanyoro, Waacholi, Walugbara, Wakongomani, wakimbizi wa Sudan Kusini na hata Wakenya waliokimbia vurugu za 2008, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowaweka chini ya mti mmoja. Nilipofungua mdomo kueleza vizuri, neno lilikuwa limeshafika nyuma ya umati, na mama mmoja alikuwa ameshainuka kwenda zake. "Mikopo mimi sitaki," alisema. Wala hakuna aliyekuwa ameleta mkopo; waliofika walileta ruzuku ya fedha taslimu.

Maana yenyewe ni fupi. Ruzuku ya fedha taslimu ni pesa anayopewa mtu au kaya moja kwa moja, bila deni na bila kupangiwa cha kununua. Huja kwa mkupuo au kidogo kidogo kila mwezi, mkononi au kwa simu. Sharti linaweza kuwepo kuhusu nani apewe, kama vile umri au umaskini wa kaya, lakini ikishatolewa ni yake. Kinachoharibu kazi ni majina ya vitu jirani nayo, kama mkopo na sadaka, ambayo watu huipachika.

Nianze na mkopo, maana ndilo kosa lenye hasara kubwa. Mkopo hurudi. Usiporudi umekuwa deni sugu, lakini hata hapo bado ni mkopo. Upo mkopo usio na riba, na huo tunauita hivyo hivyo. Mkopo wa bure haupo.

Uganda tumeshawahi kulipia mchanganyiko huu. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ilileta mpango wa mikopo ulioitwa Entandikwa. Neno ni la Kiganda, kutoka okutandika, yaani kuanza. Sisi wa Kiswahili tukisikia tandika tunafikiria mkeka na kitanda, lakini kwa Waganda entandikwa ni mtaji wa kuanzia. Jina zuri, ila halikusema kama pesa zitarudi. Uchaguzi wa 1996 ulikuwa karibu, wengi wakaziona kuwa shukrani ya kisiasa, na sehemu kubwa haikurudi.

Leo tuna PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi (kwetu parishi ni eneo la utawala lenye vijiji kadhaa) uliozinduliwa Kibuku mwaka 2022. Kila parishi hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya hukopa hadi milioni 1 kupitia SACCO ya parishi, yaani chama cha akiba na mikopo, kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Hizo ni pesa za kuzunguka. Akirudisha huyu, akope yule. Lakini sikiliza sokoni zinavyoitwa: msaada, zawadi, pesa za Mzee, yaani za Rais. Anayezila akidhani ni zawadi amekula zamu ya jirani yake, na siwezi kumlaumu yeye peke yake ikiwa hata aliyezitangaza hakusema wazi.

Kosa la upande wa pili, la kuiita ruzuku mkopo, linauma kimyakimya, kwa hiyo halizungumzwi sana. Jirani yangu mmoja, mjane mwenye watoto watano, alipata ruzuku kwa simu. Mtu fulani akamwambia ni mkopo, na kwamba watakuja kuudai na kuchukua mifugo. Miezi minne pesa zilikaa kwenye simu bila kuguswa. Katika miezi hiyo aliuza mbuzi wawili ili apate akiba ya kulipia riba ambayo haikuwepo. Siku aliponiuliza hatimaye, "Mwalimu, hawa watu wanakuja lini?", nilikosa cha kumjibu kwa muda. Bei ya mabati ambayo angeweza kuyanunua ilikuwa imepanda, na mbuzi walikuwa wamekwenda. Ng'ambo ya mpaka, Homa Bay huko Kenya, shirika la GiveDirectly, linalowapa maskini pesa moja kwa moja, lilikuta mwaka 2015 karibu nusu ya kaya zinakataa pesa kabisa, kwa uvumi uliozagaa kwamba ni za shetani. Mtu akikosa neno sahihi la kitu, hulitafuta neno popote.

Sasa tuliangalie neno lenyewe, maana ndani yake mna jibu.

Ruzuku limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa r-z-q, mzizi ule ule uliotupa riziki. Ni ndugu wa tumbo moja. Katika Kiswahili cha pwani ni kitenzi pia, na mtendaji wake kwa kawaida ni Mungu: Mola humruzuku amtakaye. Katika majina 99 ya Mwenyezi Mungu kwa Waislamu limo Ar-Razzaq, Mwingi wa kuruzuku. Ofisi zililichukua likawa nomino ya bajeti. Tanzania husema ruzuku ya vyama vya siasa, Kenya husema mbolea ya ruzuku. Hiyo ya Kenya imetuchanganya sisi tunaosikiliza redio zao, kwa sababu pale ruzuku ni serikali kubeba sehemu ya bei ili mkulima anunue rahisi. Mkulima bado anatoa pesa mfukoni. Ruzuku ninayoizungumzia hapa haipunguzi bei ya kitu chochote, humwekea mtu uwezo wa kununua anachokihitaji.

Tazama pia tunavyolitumia riziki. Hatumsifu mtu kwa kukaa kibarazani akiisubiri. Tunasema ametoka kutafuta riziki, na wahenga wakasema riziki ya mbwa iko miguuni pake. Riziki hutolewa, na papo hapo hutafutwa. Ndiyo maana sikubali ruzuku iitwe pesa za uvivu. Kwa asili yake ni kumpa mtu kile kitakachomtoa nyumbani kwenda kuitafuta.

Sadaka je? Nayo ni ya Kiarabu, kutoka mzizi wa ukweli na imani, ule uliotupa kusadiki. Siidharau hata kidogo. Lakini sadaka humtazama mtoaji: imani yake, thawabu yake. Ruzuku humtazama mpokeaji, atakula nini na ataishije. Ukimwambia mtu amepewa sadaka, umemwinamisha kichwa kabla hajahesabu pesa zake.

Halafu kuna posho, neno ambalo Uganda tumelila. Kwa Kiswahili posho ni mgawo wa siku, chakula au pesa anazopimiwa mtu ili kazi iendelee. Wapagazi, askari, wafungwa na vibarua walipimiwa unga wa mahindi kama posho yao, hadi huku kwetu posho likawa jina la ugali wenyewe. Mtu alipewa kitu kimoja kwa muda mrefu sana hata jina la kupewa likageuka jina la kitu. Hivyo ndivyo ulivyo msaada wa vitu: anayetoa ndiye anayeamua utakula nini. Katika makazi ya wakimbizi wapo waliopokea mahindi na maharagwe wakauza sehemu kwa hasara ili wapate chumvi, sabuni na ada ya kusaga. Katika Operation Wealth Creation, mpango wa serikali wa kugawa miche na mbegu, wakulima wengi walipokea miche mvua ikiwa imeshakatika, na miche mingi ilikauka.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni taslimu. Wengi hudhani maana yake ni noti, kwa hiyo pesa zikija kwa simu wanasema hizo si taslimu. Sivyo. Taslimu ni kukabidhi, kutoka mzizi wa s-l-m uliotupa salamu, salama na kusalimu amri. Fedha ni lile neno la Kiarabu la madini ya fedha. Kwa hiyo fedha taslimu ni fedha iliyokabidhiwa. Zikiingia kwenye simu yako na namba ya siri unaijua wewe peke yako, zimekabidhiwa (ukizitoa utakatwa ada ya wakala na ile kodi ya asilimia 0.5, lakini hiyo ni hadithi nyingine). Na kumbuka dukani muuzaji hukuuliza: taslimu au mkopo? Hayo mawili ni kinyume. Kuiita ruzuku ya fedha taslimu mkopo ni kusema usiku ni mchana.

Kukabidhi kuna uzito wake. Ukinikabidhi ufunguo, husimami tena mlangoni kuniuliza naingia chumba gani. Kaya ikikabidhiwa pesa ndipo unapoona hesabu ambazo hakuna ofisi ingeweza kuzipanga. Mkulima wa mahindi wa Kiryandongo huuza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa, kwa sababu ada ya shule inadaiwa wiki ile ile. Miezi mitatu baadaye hununua unga kwa bei ya juu. Akiwa na pesa kidogo ndani, huyaweka mahindi ghalani na kusubiri. Hajaanzisha biashara yoyote mpya, ameacha tu kuuza kwa kulazimishwa na njaa. Mwingine hukodi ekari moja zaidi na kulipa vibarua wa kupalilia kwa wakati, badala ya kwenda yeye mwenyewe kuwapalilia wengine huku shamba lake likimezwa na magugu. Hilo la pili ndilo linalowamaliza watu wetu, kulima kwa mwingine msimu wa kulima kwako.

Na mabati. Wageni huona mtu kanunua mabati wakasema hakuwekeza. Nyasi za kuezekea hubadilishwa kila baada ya miaka michache, nazo siku hizi hununuliwa, na fundi hulipwa. Paa la bati humaliza gharama hiyo, hukinga maji ya mvua yakaingia kwenye pipa, na mahindi ya ndani hayalowi. Kwangu huo ni mtaji.

Ukubwa wa pesa na mwendo wake hubadilisha matumizi. SAGE, mpango wa serikali wa ruzuku kwa wazee, huwapa wazee wa miaka 80 na zaidi shilingi 25,000 kwa mwezi. Hizo ni sabuni, chumvi, dawa, daftari la mjukuu, na mzee kupata sauti tena nyumbani. Hazijengi nyumba, wala hazikukusudiwa kuijenga. GiveDirectly, lililoanza kazi Uganda mwaka 2013, limewahi kutoa kiasi cha dola 1,000 kwa kaya za Kiryandongo, wakimbizi na wenyeji. Hapo ndipo utasikia ng'ombe, kiwanja, cherehani, bodaboda.

Nisije nikaifanya ruzuku hirizi. Kaskazini mwa Uganda, mwaka 2008, programu moja ya serikali iliwapa vijana ruzuku kupitia vikundi walivyounda wenyewe wakiwa na mpango wa ufundi. Kwa wastani kila mmoja alipata kama dola 382, na baada ya hapo hawakusimamiwa. Wachumi Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez waliwafuatilia. Baada ya miaka minne mapato yao yalikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko ya wenzao waliokosa, na mali zao za kazi kwa asilimia 57. Baada ya miaka tisa wenzao walikuwa wamewafikia kwa mapato, ingawa waliopata walibaki na mali zaidi na ufundi zaidi mikononi. Mimi naisoma hivi: ruzuku iliwawahisha. Miaka ile waliyowahi, mapato yao yalikuwa juu. Kwa mzazi hiyo si kitu kidogo.

Baada ya mkutano ule nilimfuata yule mzee, si mbele ya watu. Nikamwamkia, nikamwambia, "Mzee wangu, lile neno la mkopo wa bure limemrudisha mama mmoja nyumbani." Alinyamaza kidogo. Kisha akasema hakuwa na nia mbaya, alitaka watu wajue hakuna riba. Nilimwamini. Akaniuliza aseme nini basi. Nikamwambia aseme ruzuku, na kama neno ni geni kwa wasikilizaji, aseme pesa za kupewa, hazirudi. Na siku watu wa PDM wakija, aseme mkopo, unarudi, tena ataje na tarehe.

"Kwa hiyo swali ni moja," akasema. "Zinarudi, hazirudi?"

"Ndiyo, Mzee. Hilo liulizwe kwanza, kabla ya kuita watu."

Jioni hiyo nilimwona akikata njia ya kwenda kwa yule mama.