Mchochota wa ubongo ni nini?

Mwambie mtu ana "uvimbe kwenye ubongo" uone atakavyoshtuka. Papo hapo anawaza saratani na chumba cha upasuaji. Kwa sababu hiyo neno hilo nitalikwepa. Jambo ninalotaka kulieleza lina jina lake: mchochota. Tunasema kidonda kinachochota, na ngozi iliyoungua inachochota. Mchochota ni kazi inayofanywa na kinga ya mwili mahali palipoumia au palipovamiwa na vijidudu. Celsus, Mroma aliyeandika kuhusu tiba karne ya kwanza, aliutaja kwa dalili 4: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Kwa hiyo uvimbe ni dalili moja tu miongoni mwa nne.

Ukijikata kidole, dalili hizo zote utaziona jioni ileile. Damu inaongezeka mahali hapo, seli za kinga zinatoka kwenye mishipa, zinaua vijidudu, zinazoa uchafu, kisha zinatulia. Kidole kinapona. Kutulia huko ni muhimu sawa na kupigana kwenyewe, na ndiko kunakokosekana katika magonjwa ya ubongo ninayoyazungumzia hapa: Alzheimer, unaopoteza kumbukumbu, na Parkinson, unaoleta kutetemeka na kukakamaa kwa mwili.

Ubongo hauonyeshi dalili hizo. Nyama ya ubongo yenyewe haihisi maumivu, wekundu wake hakuna auonaye, na kuta za mishipa yake ya damu zimebana kiasi kwamba vitu vingi vilivyomo kwenye damu havipenyi. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba kinga ya mwili haina nafasi humo ndani. Lakini ubongo una walinzi wake wa kuzaliwa, seli ziitwazo mikroglia. Mhispania Pío del Río Hortega ndiye aliyezitambulisha mwaka 1919, baada ya kupaka vipande vya ubongo rangi iliyotengenezwa kwa madini ya fedha. Chini ya hadubini zilijitokeza seli ndogo zenye matawi membamba mno.

Mtu akizitazama katika kipande kilichokufa hudhani zimelala. Mwaka 2005 watafiti walilipunguza unene fuvu la panya hai hadi wakaweza kuona ndani, na walichokiona bado kinanishangaza kila nikikisoma: matawi yale hayatulii hata dakika. Yanarefuka, yanarudi, yanapapasa seli za jirani. Walipounguza mshipa mmoja mwembamba wa damu kwa leza, matawi ya mikroglia za karibu yaligeukia jeraha na kulizingira ndani ya dakika chache.

Basi mchochota wa ubongo ni hali ya mikroglia hizo, pamoja na seli nyingine za usaidizi, kuacha doria ya kawaida na kuingia vitani: zinabadili umbo, zinamwaga kemikali za kuitana, zinatoa sumu za kuulia vijidudu. Zikikaa vitani kwa miaka, sumu hizohizo huumiza neva ambazo zilipaswa kulindwa.

Wazo hilo halikupokelewa kirahisi. Waliolipigania zaidi ni mtu na mkewe, Patrick na Edith McGeer wa Chuo Kikuu cha British Columbia, mjini Vancouver, Kanada. Patrick, aliyezaliwa 1927, aliichezea nchi yake mpira wa kikapu katika Olimpiki ya London ya 1948, akapata uzamivu wa kemia Princeton, kisha akasomea udaktari. Zaidi ya miaka 20 alikuwa mbunge wa jimbo lake, na kwa kipindi waziri, huku utafiti ukiendelea. Edith alikuwa mkemia mwenye uzamivu wake mwenyewe. Walikutana kazini na kuoana mwaka 1954. Namtaja kwa jina kwa sababu kazi ile ilikuwa ya wote wawili.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 walichunguza ubongo wa marehemu waliokuwa na ugonjwa wa Alzheimer na wa Parkinson. Walikuwa wakitafuta protini moja, HLA-DR, ambayo seli ya kinga huiweka juu ya ngozi yake inapoingia kazini. Kwa waliokufa na Alzheimer, mikroglia zenye alama hiyo zilikuwa zimejazana kwenye mabonge ya protini ya amiloidi. Kwa wale wa Parkinson zilikuwa katika eneo dogo jeusi la shina la ubongo, palepale ambapo seli za kutengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, hufa. Wengi walijibu kwamba hao ni wazoaji tu: neva zimekufa, mikroglia zimekuja kufagia. Swali lenyewe ni la haki. Anayekutwa na ufagio penye maafa si lazima awe ndiye aliyeyaleta.

Jibu moja zuri lilitoka kwenye mkasa wa California. Mwaka 1982 vijana waliojidunga heroini bandia iliyochanganyika na kemikali iitwayo MPTP walikakamaa mwili kama wagonjwa wa Parkinson wa miaka mingi. Watatu kati ya waathirika wa sumu hiyo walipokuja kufariki, miaka 3 hadi 16 baada ya kuipata, ubongo wao ulichunguzwa. Sumu ilishaondoka zamani, lakini mikroglia zilikuwa bado zimezizingira neva, na neva zilikuwa bado zinakufa. Kwangu mimi huo ndio ushahidi unaogusa zaidi: chanzo kimekwisha, mchochota unaendelea.

McGeer na mkewe waliutazama ugonjwa pia kutoka upande wa dawa. Watu wenye baridi yabisi hutumia dawa za kupunguza mchochota kwa miaka; je, wao hupata Alzheimer kama wengine? Mwaka 1996, pamoja na mwenzao, walikusanya tafiti 17 kutoka nchi 9, na kwa jumla zilionyesha kwamba waliougua baridi yabisi au kutumia dawa hizo walipata Alzheimer kwa nadra kuliko wengine. Kabla ya hapo, mwaka 1992, walikuwa wameshaeleza jambo kama hilo kwa wazee wa Japani wenye ukoma waliotumia dapsoni, dawa ya ukoma ambayo pia hupunguza mchochota, na dawa za jamii yake.

Majaribio yakavunja moyo. Lile kubwa la Marekani liliwapa wazee wenye historia ya Alzheimer katika familia naproksen au selekoksibu, dawa mbili za kupunguza mchochota, na wengine vidonge visivyo na dawa. Dawa zilisimamishwa Desemba 2004 kwa hofu ya madhara ya moyo, na hazikuonekana kuzuia ugonjwa. Nasisitiza hapa kwa sababu nimesikia watu wakiulizana: usimpe mzee wako ibuprofeni kila siku ukidhani unamlinda asipoteze kumbukumbu. Tumbo linaweza kuvuja damu na figo zikaharibika, na faida haijathibitika.

Kwa hiyo McGeer walikosea? Sidhani. Mwaka 2013 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba hitilafu adimu katika jeni iitwayo TREM2 huongeza hatari ya Alzheimer takribani mara 3. Ndani ya ubongo, jeni hiyo hutumika hasa na mikroglia. Mfagiaji hangeweza kubadili hatari ya ugonjwa kiasi hicho kama angekuwa anafika tu baada ya kila kitu kwisha. Lakini angalia hitilafu hiyo inafanya nini: inazipunguzia mikroglia uwezo wa kuzingira amiloidi na kuizoa. Yaani hapa tatizo ni ulinzi hafifu, si ukali uliozidi. Seli zilezile zinazoumiza neva zikikaa vitani ndizo zinazookoa ubongo mapema, na dawa inayozizima zote inazima pia msaada wake.

Watafiti sasa wanajaribu kuamsha upande mmoja wa mikroglia bila kuugusa mwingine, na bado ni kazi ngumu: dawa moja ya kuichochea TREM2 ilishindwa mwaka 2024 kupunguza kasi ya Alzheimer kwa wagonjwa wa hatua za mwanzo. Patrick McGeer hakuishi kuyaona matokeo hayo. Alifariki Agosti 2022, akiwa na miaka 95.