Kijiti hakibani nywele, kinazifuma: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kwenye shughuli za harusi hapa Tanga, ukumbi ukishabaki wa wanawake watupu na mitandio ikishavuliwa, hapakosi mtu wa kunigusa kisogoni. "Dada, kijiti kimoja tu? Hakidondoki?" Nywele zangu zinafika kiunoni, na huu ni mwaka wa 11 sijazifunga kwa mpira, nazishikiza kwa kijiti tu. Nimewafundisha wasichana wengi wa mtaani kwetu Ngamiani. Karibu kila mmoja alikuwa ameshajaribu mwenyewe, fundo likamfumuka kabla hajafika sokoni, akaona kijiti ni pambo la kupigia picha tu. Mikono yao haikuwa na kasoro yoyote. Walikuwa wameambiwa mambo ambayo si kweli.

"Kichome katikati ya fundo, basi"

Hapa ndipo makosa mengine yote yanapozaliwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Fundo la kisogoni lina nywele za aina mbili. Zipo zile za songo, yaani nywele ulizozisokota na kuzizungusha. Hizo ziko hewani, hazijashikamana na kitu. Na zipo zile zilizolala juu ya ngozi ya kichwa, ambazo mizizi yake haiendi popote. Ukikichoma kijiti katikati ya songo peke yake, umekifunga kitu kinachoning'inia kwa kitu kingine kinachoning'inia. Ukiinama kukuna nazi mara mbili tu, vyote viwili viko mgongoni.

Aliyewahi kusuka ukili wa mkeka ataelewa upesi. Chane haishiki kwa kubanwa, inashika kwa kupita juu, kuzama chini, kisha kutokea juu tena. Kijiti nacho kinapita juu ya ukingo wa songo, kinazama mpaka kiguse ngozi ya kichwa, kinapita chini ya fundo, kinatokea upande wa pili. Nywele zenye mizizi ndizo zinazolibeba songo, na kijiti ni kiungo kati yao.

Nikimfundisha mtu hufanya hivi. Kusanya nywele zote kisogoni, uzisokote kuelekea upande mmoja mpaka songo lianze kutaka kujikunja lenyewe. Lizungushe kufuata upande ule ule uliosokotea, maana ukilizungusha kinyume unalifumua huku unalifunga. Ncha za nywele zifiche chini ya songo, kisha lishike fundo lote kwa kiganja. Sasa ingiza ncha ya kijiti ukingoni mwa fundo ikielekea nje, ichote nywele chache za songo pamoja na nywele za kichwani zilizo jirani. Halafu kigeuze kijiti chote, ncha iliyokuwa inatazama nje itazame katikati ya fundo. Hapo utahisi nywele zinakaza. Kisukume kikilala juu ya ngozi ya kichwa, kipite chini ya fundo, mpaka ncha itokee upande wa pili.

Ule mgeuzo ndio watu wengi hawaambiwi, na bila huo hakuna kitu. Ukigeuza, songo linakazika. Nalo kwa kuwa lilisokotwa, muda wote linataka kujisokotoa. Nguvu hiyo ya kutaka kufunguka ndiyo inayokigandamiza kijiti kisitoke. Mimi hulipima fundo langu kwa swala. Rukuu na sijda, rakaa zote nne za adhuhuri, kichwa kinashuka na kuinuka, na fundo lililofumwa sawasawa halisogei.

"Ukitaka lishike, vuta sana"

Hili linaniuma, kwa sababu madhara yake nayaona kila siku kwenye mapaji ya dada zetu. Nywele zikivutwa sana kwa muda mrefu, mizizi inachoka, na upara unaanzia pembeni: kwenye paji la uso, juu ya masikio, kando ya shingo. Mwanzoni unaweza kurudi nyuma, ukipumzisha nywele zikaota tena. Ukiendelea miaka na miaka, ngozi inaweka kovu pale mzizi ulipokuwa, na nywele hazioti tena hata upake mafuta gani. Vipele vidogo na maumivu pembezoni mwa nywele ni onyo la mapema, wala si dalili kwamba msusi amekusuka vizuri.

Kijiti hakihitaji mvuto huo, kwa kuwa kinashika kwa kufuma. Fundo likikuuma, au ukihisi unywele mmoja mmoja unavutwa, kitoe uanze upya. Na siku moja liweke chini, siku nyingine lipandishe kidogo au lipeleke pembeni, ili mizizi ile ile isibebe mzigo kila siku.

"Za kipilipili hazikai kijiti"

Binti wa kaka yangu aliniambia hivyo akiwa na uhakika kabisa. "Shangazi, wewe una singa. Zangu kipilipili, hazitaki." Kwa kweli ni kinyume chake. Unywele wa singa ni mnyoofu na mviringo, unateleza. Mimi ndiye ninayehangaika nazo zikiwa zimetoka kuoshwa. Unywele wa kipilipili ni bapa kidogo na umejikunja tangu mzizini, na kila kikunjo kinashika kikunjo cha jirani. Ukikifuma kijiti humo, hakina pa kutelezea.

Matatizo ya kipilipili ni mengine mawili. La kwanza ni urefu unaoonekana: nywele zinazofika begani zikinyooshwa, zikijikunja zinaishia masikioni, na songo halipatikani. Dawa yake si moto. Zisuke mabutu usiku, asubuhi yafumue, nywele zitakuwa zimerefuka zenyewe. La pili ni kukitoa kijiti. Nywele hizi zinakatika kirahisi penye vikunjo, kwa hiyo kijiti kiwe kinene kidogo, ncha iwe butu, na wakati wa kukitoa kifuate njia kilikoingilia, usikitingishe huku na huku.

Binti huyo wa kaka yangu alifunga fundo lake la kwanza barazani kwetu baada ya kujaribu mara nne. Mwenye rasta au dredi ndiye mwenye raha kuliko sote. Hizo zinakamata kijiti hata mkono ukiwa mgeni.

"Kijiti chochote kinafaa"

Penseli ni ya dharura. Ina pembe, ina rangi inayobanduka, na ile ya kifutio ina kibati kinachonasa nywele. Kijiti cha mshikaki ni cha mwanzi, kinachanika nyuzi nyuzi, tena ni chembamba mno. Kinaweza kukatika ndani ya fundo. Chelewa nimeona watoto wakiichezea, lakini inapinda.

Kijiti chako kipimie fundo lako. Kikishapita, kibaki kama sentimita 2 kila upande. Vingi vya kuuzwa ni kati ya sentimita 13 na 18, navyo vinawatosha wengi. Unene uwe kama wa penseli au pungufu kidogo. Kipimo cha ulaini ni soksi nyembamba ya nailoni: ipitishe juu ya kijiti chote, ikinasa mahali, na nywele zako zitanasa hapo hapo. Hapo panahitaji msasa.

Cha kwangu cha kila siku ni cha mpera, nilichongewa na fundi seremala kutokana na tawi lililokatwa uani. Nilikipiga msasa mkali, kisha wa kati, kisha ule laini kabisa, nikakipaka mafuta ya nazi na kukifuta. Ninacho kingine cha mpingo, mti ule ule unaotengenezewa klarineti. Ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Mpingo ni mzuri sana, ila wapo ambao ngozi yao inawashwa nao. Ukiwashwa, achana nao. Chuma nacho kinateleza kwenye nywele za singa. Kikiwa na mikunjo kama ya wimbi kinatulia.

"Hayo ni mambo ya Wachina"

Wachina wana haki ya kujivunia, hilo siwanyang'anyi. Mwaka 1976 huko Anyang lilifukuliwa kaburi la malkia Fu Hao, aliyekufa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na ndani yake mlikuwa na pini za nywele za mfupa karibu 500. Zamani msichana wao akifika miaka 15 nywele zake zilifungwa fundo na kutiwa pini, ishara kwamba sasa anaweza kuposwa. Na kwao vijiti vya kulia ni vyombo vya chakula. Kuvichomeka kichwani ni kama mtu wa kwetu atembee na upawa nyweleni.

Lakini wanawake wa Kimangbetu, kaskazini mashariki mwa Kongo, walisifika kwa pini ndefu za pembe za ndovu kwenye misuko yao mirefu. Misri ya kale walikuwa na pini, Roma pia. Na hapa pwani, bibi zetu walichomeka nini nyweleni siku ya harusi kama si kikuba? Asumini, mrehani, waridi, vyote vikafungwa pamoja vikatiwa pini. Kichwa cha mwanamke wa mwambao kimezoea kushikiziwa vitu. Mimi kikuba changu hukifunga kwenye ncha ya kijiti, na kinakaa mpaka asubuhi.

Wengine wanakikataa kwa sababu ya dini. Hadithi ya nundu za ngamia, iliyomo katika Sahih Muslim, inayowaonya wanawake ambao vichwa vyao vimeinuka kama nundu hizo, kila binti aliyepita madrasa anaijua. Kilicho dhana hapa ni kwamba kijiti lazima kipandishe fundo utosini. Hakilazimishi. Fundo langu liko chini, pale shingo inapoanzia, nimelizungusha bapa kama sahani, na ushungi unalala juu yake bila kuonyesha kitu.

Kuhusu vijiti viwili, swali hili ninalipata sana na jibu lake ni fupi: kimoja kilichofumwa vizuri kinatosha. Nywele zikiwa nzito kweli kweli, cha pili kikipishana na cha kwanza kinagawana nacho uzito. Kwa wengine wote ni pambo.

"Zifunge zikiwa bado mbichi, zitatulia"

Unywele uliolowa unavutika zaidi na unakatika upesi zaidi kuliko mkavu. Ukiufunga hivyo, unaufunga ukiwa umevutika. Tena kwa joto letu hili la unyevu, fundo lililolowa chini ya mtandio halikauki mpaka alasiri, kichwa kinawasha na kutoa harufu. Subiri zikauke. Siku ya pili baada ya kuosha ndiyo nzuri kuliko zote, nywele zinakuwa na ukavu kidogo wa kushikana. Mafuta mengi nayo yanatelezesha. Paka ncha, kisogoni acha.

Jambo la mwisho silo la urembo. Ukipanda bodaboda, kitoe kijiti kabla hujavaa helmeti. Kitu kigumu hakitakiwi kukaa kati ya fuvu na helmeti, na helmeti yenyewe haikai sawa juu ya fundo. Kitoe pia kabla hujalala, na kwenye basi la safari ndefu utakapoegemeza kichwa. Kiweke mkobani, suka butu moja, ukifika utafunga tena.

Na kukitoa hakuna kazi. Kamata kichwa cha kijiti, kivute taratibu kwa njia kilikoingilia. Kikishatoka, songo linajizungusha lenyewe, linashuka mgongoni lote kwa mara moja. Hakuna unywele uliobaki mkononi, na hakuna mahali ulipofunga fundo la kweli.