Jemadari wa Kisamurai na Hadithi ya Bwana Mmoja Hadi Kufa

Kila darasa la historia ya Japani likianza, mkono wa kwanza kunyooka huleta kauli ileile: samurai alikuwa na bwana mmoja, akamtumikia hadi kufa. Kauli hiyo imekaririwa mno, nayo inaficha maisha halisi ya jemadari wa enzi za Sengoku, yaani miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe katika karne ya 15 na 16.

Utii ulikuwa mapatano. Daimyo, yaani bwana mkubwa wa eneo mwenye jeshi lake, alitoa ardhi, jemadari alitoa watu. Ardhi ilihesabiwa kwa koku: lita 180 hivi za mchele, karibu kilo 150, chakula cha mtu mmoja mwaka mzima. Sheria ya kijeshi yenye jina la jemadari Akechi Mitsuhide, ya mwaka 1581, ilidai watu 6 kwa kila koku 100. Mwenye koku 1,000 akiitwa vitani alipaswa kufika na watu 60, wenye silaha zao. Akileta pungufu, amevunja mapatano. Bwana naye akimnyima malipo baada ya ushindi, au akishindwa kuilinda ardhi aliyompa, asishangae kuona kambi imehamwa.

Mtazameni Todo Takatora. Mwaka 1570 alipigana katika vita vya Anegawa upande wa ukoo wa Azai. Akahama, akahama tena, hadi mwaka 1576 akapokewa na Hidenaga, nduguye Toyotomi Hideyoshi aliyekuja kuitawala Japani, kwa koku 300. Baadaye akamtumikia Hideyoshi mwenyewe, kisha Tokugawa Ieyasu aliyetawala baada yake. Wanaohesabu mabwana zake hufika 7 au zaidi. Ieyasu hakumwita msaliti; alimkabidhi ujenzi wa ngome. Takatora alikufa mwaka 1630 akiwa daimyo wa Tsu, mwenye koku zaidi ya 320,000.

Mpiganaji aliyehama alibeba karatasi yenye thamani kuliko upanga wake: kanjo, barua ya sifa. Vita vikiisha, bwana aliandika nani alifanya nini na wapi, akatia sahihi ya wino au muhuri. Ukoo uliitunza barua hiyo vizazi na vizazi, na mwenye nayo aliionyesha kwa bwana mpya ili apangiwe koku zake.

Na kama utii ulikuwa wa damu, rehani, yaani jamaa waliowekwa dhamana, za nini? Jemadari Kuroda Kanbei alimweka mwanawe mikononi mwa daimyo Oda Nobunaga. Mwaka 1578 Araki Murashige, jemadari wa Nobunaga, aliasi. Kanbei akaenda kumsihi katika ngome ya Arioka, akafungwa humo kama mwaka mzima. Nobunaga alidhani amejiunga na waasi, akaamuru mtoto auawe. Aliyemwokoa ni Takenaka Hanbei, mwenzake Kanbei, aliyemficha. Mtoto huyo ndiye Kuroda Nagamasa, aliyekuja kupigana katika vita vikubwa vya Sekigahara mwaka 1600.

Bwana naye aliweza kuvunja. Sakuma Nobumori alimtumikia Nobunaga tangu ujana wa bwana wake. Mwaka 1580 alipelekewa barua ya mashtaka 19: miaka 5 amelizingira hekalu lenye ngome la Honganji, Osaka, bila tendo la kuonyesha. Akafukuzwa kwenda mlima Koya. Hakujipasua tumbo, na hapo dhana ya pili inaanguka, ile ya kwamba kila kosa la samurai liliishia kwa seppuku, kujiua huko kwa kujipasua tumbo.

Mafundisho ya kufa kwa ajili ya bwana yalishamiri hasa baada ya ngome ya Osaka kuanguka mwaka 1615 na vita kukoma, samurai walipogeuka makarani wa kulipwa mchele katika nchi yenye amani. Ukisoma habari za jemadari yeyote wa kabla ya hapo, uliza kwanza: koku ngapi, watu wangapi, nani yuko rehani. Kiapo kisome mwisho.

Zipo kauli nyingine za darasani za kupimwa hivyohivyo. “Upanga ndio uliokuwa silaha kuu.” Hapana. Ni upinde na mkuki, kisha magobori ya utambi yaliyoletwa na Wareno katika kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543. Mikuki ya askari wa miguu wa Oda ilifika mita 6. Upanga ulingojea watu wakaribiane.

“Jemadari hutangulia mbio.” Mara nyingi alikaa kwenye kigoda cha kukunja, nyuma ya pazia lenye alama ya ukoo, akiagiza kwa wajumbe wa farasi, ngoma na baragumu la kome. Kazi iliyomkosesha usingizi ni chakula. Mwongozo mmoja wa karne ya 17 unapanga mchele go 6 kwa mtu kwa siku, yaani gramu 900 hivi, na kwa watu 10 chumvi go 1 na miso, kiungo cha soya, go 2. Unaonya mchele usigawiwe zaidi ya siku 3 au 4 kwa mara moja, kwa sababu wapenda kileo wataugeuza sake, pombe ya mchele, kisha wabaki na njaa.

“Yasuke alikuwa jemadari.” Mwafrika huyu alifika Japani mwaka 1579 pamoja na padri Valignano, na mwaka 1581 Nobunaga akamchukua: akampa posho, nyumba na upanga mfupi, na wakati mwingine akambebesha silaha zake. Ni heshima kubwa kwa mgeni, lakini hakuwa na ngome wala kikosi. Juni 1582 alikuwapo katika hekalu la Honnoji Nobunaga alipozingirwa. Alipigana, akatekwa, kisha akapelekwa kwa mapadri kwa amri ya jemadari aliyemgeuka bwana wake alfajiri ile: Akechi Mitsuhide, yuleyule wa watu 6 kwa koku 100.