Upanga wa Mrumi ulikaa kulia au kushoto? Maana ya balteus na cingulum

Ukiona sanamu ya askari wa Kirumi upanga umening'inia kulia, upande uleule wa mkono unaoushika, kitu cha kwanza kinachokuja kichwani ni kwamba mchongaji kakosea. Hajakosea. Askari wa kawaida wa legioni, yaani jeshi kuu la miguu la Warumi, alivaa kulia kweli, tangu enzi za jamhuri mpaka karne ya 2 baada ya Kristo, na Polybius, mwanahistoria Mgiriki aliyeandika karne ya 2 kabla ya Kristo, anasema waziwazi kwamba upanga ulikaa pajani upande wa kulia. Ila kama unajiandaa kuvaa mavazi hayo kwenye maigizo ya kihistoria basi jibu la "kulia" peke yake halikusaidii sana, inabidi useme kwanza wewe ni nani na uko mwaka gani, maana senturioni, yaani akida anayeongoza kikosi, ana mambo yake na askari wa mwaka 220 ni mtu mwingine kabisa.

Tuanze na mikanda. Balteus ni ule ukanda wa ngozi unaopita begani, unakatiza kifuani na kushika ala ya upanga upande wa pili. Cingulum ni mkanda wa kiunoni, mara nyingi umepambwa kwa vibati vya shaba nyeusi na mbele vinaning'inia vipande vya ngozi vyenye misumari ya urembo ambavyo vinalia ukitembea. Hivyo ndo watu wa maigizo na wataalamu wa leo wanavyotofautisha, Warumi wenyewe walikuwa wanachanganya tu majina. Na usiuchukulie mkanda wa kiunoni kama urembo, ndo ulikuwa alama ya uaskari: Kaisari Augusto alipotaka kumwaibisha senturioni alimsimamisha kutwa nzima mbele ya hema la kamanda akiwa na kanzu tu bila mkanda, kila mtu anapita anamwona.

Mwanzoni mwa karne ya 1 wengi walivaa mikanda miwili kiunoni, mmoja wa upanga mwingine wa jambia, imepishana kama herufi X chini ya tumbo. Ukitaka kuona kwa macho tafuta picha ya jiwe la kaburi la Annaius Daverzus, askari wa vikosi vya wasaidizi nje ya legioni aliyezikwa Bingerbrück huko Ujerumani, lile jiwe limechongwa vizuri mno, mikanda yote miwili inaonekana, upanga kulia na jambia kushoto. Baadaye kwenye hiyohiyo karne ya 1 mkanda wa kiunoni unabaki mmoja na upanga unahamia kwenye balteus, unapita bega la kushoto kushuka kiuno cha kulia. Hivyo ndivyo wanavyoonekana wanajeshi kwenye Nguzo ya Trajani kule Roma iliyomalizika mwaka 113.

Sasa kuuchomoa, hapa ndo watu wanapata shida. Ukishika kama ulivyozoea kwenye filamu utajikunja mkono bure. Unageuza kiganja kinatazama nje, dole gumba linaelekea chini kwenye ala, halafu unavuta juu moja kwa moja huku kiwiko kinapanda, ncha ikishatoka unaizungusha mbele na kiganja kinarudi sawa, umemaliza, na ngao haijasogea hata kidogo. Kwa gladius, ule upanga mfupi wa Kirumi, ya aina ya Pompeii yenye bapa la sentimita 45 hivi mpaka 50 ni rahisi, mazoezi ya nusu saa tu. Lakini upanga lazima ukae juu, mpini uwe karibu na mbavu, ukiuning'iniza chini kama kwenye mabango ya sinema utakugonga paja kila hatua na kuuvuta utashindwa. Halafu kuna kitu ambacho wengi hawakifikirii: mkono wa kushoto una ngao, kwa hiyo hakuna mkono wa kushikilia ala, ukivuta upanga juu ala nayo inataka kupanda. Ndo maana wengi wanapitisha cingulum juu ya balteus na kuubana, ala inatulia, na ukikimbia upanga haurukiruki.

Kwa nini kulia? Maelezo yanayosikika kila mahali ni kwamba ngao kubwa ilikuwa mkono wa kushoto, sasa kupitisha mkono wa kulia mbele ya mwili kutafuta mpini kungegongana na ngao na kuacha mkono wazi kwa adui, tena wenzako wamekubana kushoto na kulia. Yana mantiki, na ukijaribu mwenyewe ukiwa na ngao utaelewa haraka. Lakini mimi nayakubali nusu tu. Wapanda farasi wa karne ya 1 walikuwa na spatha, upanga mrefu zaidi, na wao pia kwenye mawe ya makaburi unauona kulia. Halafu baadaye askari wa miguu wakahamia kushoto na ngao bado wanazo. Kwa hiyo kote kuwili inawezekana, na nadhani mazoea na fasheni ya jeshi vilichangia kuliko watu wanavyotaka kukiri.

Senturioni yeye alivaa kushoto. Marcus Favonius Facilis, senturioni wa Legio XX (legioni ya 20), ambaye jiwe lake liko Colchester Uingereza, upanga uko kushoto na jambia kulia, na mkononi kashika fimbo yake ya mzabibu ambayo ndo alama ya cheo. Kwa hiyo ukiwa kwenye kundi la maigizo na wewe ni askari wa kawaida halafu umevaa kushoto, mtu anayejua atakuona umejipandisha cheo. Yosefu, yule mwanahistoria Myahudi, anatuvuruga kidogo maana anasema askari wa miguu walivaa upanga mrefu kushoto na kifupi kulia, ila mawe ya makaburi ya wakati wake yanamkatalia, na mimi kwenye hili naamini jiwe.

Kuelekea mwisho wa karne ya 2 mambo yanageuka. Gladius fupi inapotea polepole, spatha inakuwa ya kila mtu, upanga unahamia kushoto na balteus inapita bega la kulia, tena sasa ni pana na ina mapambo ya metali yanayoonekana mbali. Hata ala inabadilika, zile pete nne za pembeni zilizokuwa zinashika ala ya gladius zinaondoka, inabaki kishikizo kimoja kirefu kilichobandikwa usoni mwa ala ambacho ukanda unapita ndani yake. Wauzaji wa mitandaoni hawajali hili kabisa, unakuta wanauza ala ya pete nne pamoja na balteus pana ya karne ya 3 kama seti moja, kwa hiyo kabla hujalipa kuza picha uangalie ala imeshikwa na nini, kisha ulinganishe na mwaka wa kundi lako.