Kanisa la kumbukumbu si lazima liwe na kaburi, wala si lazima liwe kathedrali

Kila inapokaribia tarehe 29 Oktoba, siku ambayo Waanglikana humkumbuka Askofu James Hannington, hapa Kisumu nasikia maneno yale yale: kanisa la kumbukumbu ni pale alipozikwa mtu, na likiwa kubwa basi ni kathedrali. Yote mawili si kweli.

Kanisa la kumbukumbu ni kanisa lililojengwa ili marehemu fulani, au tukio fulani, lisisahaulike. Basi. Linawekwa wakfu kwa Mungu kama kanisa lingine lolote. Marehemu hubakiwa na jina tu, pengine kwenye kibao cha shaba ukutani, pengine kwenye jina la kanisa lenyewe.

Kosa la kaburi naweza kulielewa. Huku kwetu, awe Mjaluo awe Mluhya, mtu huzikwa nyumbani kwake, na anayetaka kumkumbuka huenda pale penye udongo. Tukisikia kumbukumbu, macho yanatafuta kaburi. Isitoshe, Hannington mwenyewe alituchanganya. Aliondoka pwani Julai 1885 akielekea Buganda, akapita Umaasaini hadi kwenye ziwa tunaloliita Bogoria, ambalo Wazungu waliliita Ziwa Hannington kwa miaka mingi, akafika Mumias, wakati ule Kwa Sundu. Hapo akaacha sehemu kubwa ya msafara chini ya William Jones, kasisi Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa, naye akasonga mbele na watu wapatao 50. Buganda waliogopa mgeni anayeingia kutoka mashariki, kwa imani kwamba huko ndiko angetokea wa kuwateka. Chifu Luba wa Busoga akamkamata, na siku nane baadaye akauawa kwa amri ya Kabaka Mwanga.

Mifupa yake ililetwa Mumias, na ndiyo maana wazee wakisema aliwahi kulala pale huwa hawasemi uongo. Lakini haikubaki. Askofu Alfred Tucker aliipeleka Buganda, ikazikwa kilimani Namirembe tarehe 31 Desemba 1892.

Hapo ndipo ninapopata hoja yangu yote. Namirembe ina kaburi lake, ila jengo la matofali lililopo leo, lililokamilika 1919 baada ya lile la kabla yake kuteketezwa na radi 1910, halikujengwa kwa ajili yake. Mombasa haina hata unywele wake, na bado kanisa kuu la Waanglikana pale, lililofunguliwa 1905, ndilo linaloitwa la kumbukumbu, yeye akiwa mmoja wa wanaokumbukwa. Mwenye mifupa si mwenye kumbukumbu. Unguja ni kinyume kabisa: Askofu Edward Steere, aliyelijenga Kanisa Kuu la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa, amezikwa humo humo nyuma ya madhabahu.

Na ni hiyo Mombasa iliyotuvurugia neno kathedrali, kwa kuwa jengo lake ni vyote viwili kwa pamoja. Kathedrali ni kiti. Kathedra kwa Kigiriki ni kiti, na kanisa lenye kiti cha askofu ndilo kathedrali, hata likiwa la mabati. St. Stephen's hapa mjini ni kathedrali kwa sababu hiyo, na St. Theresa's ya Kibuye vilevile kwa upande wa Wakatoliki. Kuna makanisa makubwa kuliko hayo ambayo si kathedrali na hayatakuwa.

Wapo pia wanaodai kuba ndiyo alama ya kanisa la kumbukumbu. Wameiona ya Mombasa. Kuba ile, pamoja na matao yake na kuta nyeupe, imechotwa kwenye ujenzi wa Kiislamu, kiasi kwamba mgeni akiliona kwa mbali anaweza kudhani ni msikiti. Huo ni mtindo uliochaguliwa kwa mji wa pwani. Haudai chochote kuhusu marehemu. Namirembe nayo ina kuba. Kumbukumbu haina umbo lake maalumu, na fundi hana ramani yake.

Kwa hiyo viongozi wa vijana wanaopanga safari ya Mumias kuona kaburi la Hannington, nendeni, ni mahali pa kuonwa: msafara wake uligawanyika pale. Kaburi lenyewe liko ng'ambo, Namirembe, kwa hiyo mkitaka kuliona bebeni vitambulisho vya kuvukia Busia.